Kompyuta na Wasomaji: Skrini ya Mbali Isiyokaa Dirishani

Barua kadhaa zilizofika mezani mwetu mwezi huu zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti. Msomaji yuko Nairobi mbele ya kipakatalishi chake, anaitumia kompyuta nyingine iliyo mahali pengine kupitia mtandao, na picha ya kompyuta hiyo haikubali kulingana na ukubwa wa dirisha alilolifungua. Mara inazidi na kukatika ukingoni, mara inabaki ndogo katikati ya weusi, mara inaenea vizuri lakini maandishi yana ukungu. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu majibu yanayofuata yanategemea maelezo yake.

SWALI: Bwana mwandishi, mimi ni mhasibu katika ofisi moja ya Upper Hill, na siku mbili kwa wiki hufanyia kazi nyumbani. Kompyuta yangu ya ofisini ina skrini pana, ilhali kipakatalishi changu ni kidogo. Huingia kwa Remote Desktop ya Windows. Nikilipunguza dirisha ili nisome barua pepe kando, nusu ya jedwali hupotea, na hulazimika kuuvuta upau wa chini kila ninapotaka kuona safu ya jumla. Binamu yangu alikuja akawasha kitu fulani. Sasa jedwali lote linaonekana, lakini tarakimu zimefifia hata siwezi kutofautisha 3 na 8. Je, hakuna njia ya kuifanya skrini ile ibadilike yenyewe ninapolibadilisha dirisha?
Mhasibu, Kahawa West

JIBU: Njia ipo. Alichokiwasha binamu yako kinafanya kazi yake sawasawa, ila si kazi uliyoihitaji.

Skrini ya mbali inaweza kutoshezwa dirishani kwa njia mbili, na watu wengi huzichanganya kwa kuwa ukizitazama juu juu matokeo yake yanafanana. Katika njia ya kwanza, kompyuta ya ofisini huendelea kuchora eneo-kazi (desktop) lenye vipimo vilevile ilivyoanza navyo, hulituma lote, kisha kipakatalishi chako ndicho kinachoifinya picha hiyo ili ienee katika nafasi iliyopo. Katika njia ya pili hakuna kinachofinywa. Kipakatalishi huiarifu kompyuta ya ofisini kwamba dirisha sasa lina upana fulani na kimo fulani, nayo hulipanga upya eneo-kazi zima kwa vipimo hivyo, kama ambavyo ingefanya iwapo fundi angeichomoa skrini yake na kuichomekea nyingine. Mwambaa wa chini wenye saa husogea, madirisha ya ndani hujipanga, na kila herufi huchorwa kwa ukubwa wake halisi.

Ukungu unaouona ni zao la njia ya kwanza, na hesabu yake si ngumu. Tuseme skrini ya ofisini ina pikseli, yaani vitone vinavyounda picha, 1920 kwa 1080, nacho kipakatalishi kina 1366 kwa 768, vipimo vya kawaida katika vipakatalishi vya bei nafuu. Hata ukilifungua dirisha likajaza skrini yako yote, picha lazima ifinywe hadi takribani asilimia 71. Tarakimu iliyochorwa kwa kimo cha pikseli 12 sasa inatakiwa kukaa katika pikseli 8 na nusu, na kwa kuwa hakuna nusu ya pikseli, programu huchanganya rangi za pikseli zinazopakana. Ule mwanya mdogo ulio upande wa kushoto wa 3, ambao ndio pekee unaoitenga na 8, hujazwa rangi ya kijivu. Ukilipunguza dirisha hadi nusu ya skrini hali huwa mbaya zaidi. Kwa anayetazama picha au video hilo si neno, lakini kwa anayefunga hesabu za mwezi sioni namna ya kulivumilia.

Kwa hiyo njia ya kwanza izimwe na ya pili iwashwe. Ukiwa umeingia kwenye kompyuta ya ofisini na dirisha halijajaza skrini, bofya ile ikoni ndogo iliyo kwenye pembe ya juu kushoto ya dirisha hilo. Menyu itafunguka, na ndani yake utaona maneno "Smart sizing" yakiwa na alama ya vema kando, ambayo ndiyo aliyoiweka binamu yako. Ibofye iondoke. Ikiwa muunganisho wako umehifadhiwa kama faili yenye jina linaloishia kwa .rdp, usiishie hapo, kwa sababu faili hiyo inaweza kuurudisha mpangilio wa zamani kila unapoifungua. Faili hiyo ni maandishi matupu. Ifungue kwa Notepad, utafute mstari unaosema smart sizing:i:1, na tarakimu ya mwisho uifanye 0. Kisha tafuta mstari dynamic resolution:i:1 na uhakikishe kwamba wenyewe unaishia kwa 1. Usipouona kabisa usihangaike, kwa kuwa programu hulihesabu jambo hilo kuwa limewashwa mpaka liandikwe vingine.

Sharti la pili halimo kwenye kipakatalishi chako. Uwezo wa kubadilisha vipimo kipindi cha muunganisho kikiwa kinaendelea uliingizwa katika toleo la 8.1 la itifaki (kanuni za mawasiliano) ya Remote Desktop, lililotoka mwaka 2013 pamoja na Windows 8.1 na Windows Server 2012 R2, na ni lazima pande zote mbili ziufahamu. Ikiwa kompyuta ya ofisini bado ni Windows 7, ombi la kipakatalishi chako halina wa kulipokea, hata kama kipakatalishi chenyewe kilinunuliwa jana. Hapo hakuna ujanja wa kubofya utakaokusaidia. Kilichobaki ni kukata muunganisho na kuurudisha kwa vipimo vipya, ambavyo unaweza kuvitaja unapoiita programu kwa jina lake la amri, mstsc, kwa mfano mstsc /w:1000 /h:700. Kukata muunganisho si kutoka kwenye akaunti, kwa hiyo jedwali lako litakuwa wazi pale pale ulipoliacha. Ingawa hukuniuliza, nitasema kwamba Windows 7 iliacha kupokea marekebisho ya kawaida ya usalama Januari 2020, na udhaifu mkubwa uliotangazwa mwaka 2019 kwa jina la BlueKeep ulikuwa katika huduma hii hii ya Remote Desktop. Kama ofisi yenu ingali na mashine ya namna hiyo na watu wanaifikia kutoka nje bila VPN (njia ya siri inayopita ndani ya intaneti), tatizo la 3 na 8 ndilo dogo zaidi mlilo nalo.

Tukichukulia kwamba pande zote ni za kisasa, utakachoona ni hiki. Utashika pembe ya dirisha na kuivuta, na kwa kitambo kidogo picha ya zamani itaendelea kukaa ilivyo. Programu haitumi ombi kwa kila pikseli unayovuta, kwa maana kila ombi linailazimisha kompyuta ya mbali kuanza upya kazi ya kuchora. Ukishatulia, ujumbe mmoja huondoka ukitaja upana na kimo cha nafasi ya ndani ya dirisha, fremu isihesabiwe. Itifaki inavikubali vipimo kuanzia pikseli 200 hadi 8192 kila upande, na inadai upana usiwe namba witiri, kwa hiyo dirisha lenye upana wa pikseli 1001 litapata eneo-kazi la 1000. Ule uzi mwembamba mweusi ambao mara nyingine huonekana ukingoni unatokana na hilo na si ubovu wa skrini yako. Baadaye picha humeta au kuwa nyeusi kufumba na kufumbua, kisha eneo-kazi hutokea likiwa limejipanga.

Hata hivyo, usitarajie kwamba jedwali lenye safu ishirini litaonekana lote katika dirisha la nusu skrini. Kuchora herufi kwa ukubwa wake halisi kunataka nafasi, na nafasi umeipunguza mwenyewe. Lakini sasa Excel ya ofisini inajua ukubwa wa kweli wa nafasi iliyo nayo, kwa hiyo unaweza kuiambia yenyewe ipunguze hadi asilimia 80 kwa kushikilia Ctrl na kuzungusha gurudumu la kipanya. Upunguzaji huo ni tofauti na ule wa binamu yako, kwa kuwa Excel huchukua umbo la herufi na kuichora upya kwa kipimo kidogo badala ya kuifinya picha iliyokwisha kuchorwa. Katika ukubwa uleule, 3 iliyochorwa husomeka na 3 iliyofinywa haisomeki. Ukigandisha safu za kushoto zenye majina ya akaunti, hata ule upau hutauonea uchungu.

Na siku utakaporudi Upper Hill, usishangae kukuta ikoni za eneo-kazi zimehamishwa na madirisha yamerundikana kwenye pembe moja. Yalipangiwa dirisha dogo la nyumbani, na si programu zote hukumbuka zilikuwa wapi kabla.

SWALI: Mwalimu, mimi ni fundi wa kompyuta. Nimehamia Linux na huingia kwenye seva ya Windows ya mteja wangu kwa Remmina, programu ya kuingilia kompyuta za mbali. Kipindi hufunguka kikiwa sawa na dirisha, lakini nikiliongeza dirisha, picha hubaki katikati imezungukwa na weusi. Nilijaribu programu nyingine ya namna hiyo, FreeRDP, kwenye terminali nikaweka /smart-sizing na /dynamic-resolution kwa pamoja ili nisikose, ikakataa kabisa.
Fundi, Ngara

JIBU: Ilikuwa na haki ya kukataa, fundi. Hizo ndizo njia mbili nilizomweleza mhasibu hapo juu, na waandishi wa FreeRDP wamezitangaza kuwa hazikai pamoja: ama picha inafinywa upande wako, ama vipimo vinabadilishwa upande wa pili. Bakiza moja tu, kwa mfano xfreerdp /v:anwani /u:jina /dynamic-resolution. Katika baadhi ya matoleo mapya ya Ubuntu na Debian, amri yenyewe huitwa xfreerdp3.

Remmina hutumia maktaba hiyo hiyo ya FreeRDP kwa ndani, ila imeligawa jambo hili katika sehemu mbili, na hapo ndipo wengi hupotea. Lile chaguo la "Use client resolution" lililomo katika maelezo ya muunganisho huamua tu kipindi kianze na ukubwa gani. Kukibadilisha kikiwa kinaendelea ni kazi ya kitufe kingine, kilicho kwenye mwambaa wa vitufe wa dirisha lenyewe la kipindi, ambacho ukikisogelea kwa kielekezi hutaja "dynamic resolution update". Jirani yake kiko kitufe cha kufinya picha. Uwashe cha kwanza na uuache cha pili. Kama seva ya mteja ni ya kabla ya 2012 R2, weusi huo utaendelea kuwapo hata ukibofya mpaka jioni.

Ikiwa siku moja utaingia kwenye mashine ya Linux inayotumia xrdp (programu ya Linux ya kupokea miunganisho ya Remote Desktop) badala ya Windows, angalia kwanza toleo lake. Matoleo ya zamani huupa kipindi ukubwa mmoja tangu kinapozaliwa mpaka kinapofungwa, ilhali mapya yanaweza kuubadilisha papo hapo. Seva nyingi ninazoziona zimewekewa toleo lililokuja na mfumo, nalo huwa limepitwa kwa miaka, kwa hiyo usianze kuilaumu Remmina kabla hujaangalia upande huo.

Niongeze neno kwa wanaotumia Mac, kwa kuwa wameuliza wawili. Programu ya Microsoft, ambayo tangu Septemba 2024 inaitwa Windows App, ina sehemu ya mipangilio ya skrini yenye vichaguo viwili: "Fit session to window", ambacho hufinya, na "Update the session resolution on resize", ambacho hubadilisha vipimo. Majina hayo yanajieleza vizuri kuliko ya Windows yenyewe.

SWALI: Ndugu mhariri, ninafundisha kompyuta katika chuo kimoja kando ya Thika Road. Wakati wa somo hufungua eneo-kazi moja la Linux kwa VNC, na wanafunzi wote hulitazama kutoka kwenye kompyuta zao. Mwanafunzi mmoja akilibadilisha dirisha lake, eneo-kazi hubadilika ukubwa kwa kila mtu, pamoja nami. Wengine wamegundua jambo hilo na wamelifanya mchezo.
Mwalimu, Kasarani

JIBU: Hapa, mwalimu, shida yako ni kinyume cha ya mhasibu: mabadiliko yanakubalika kwa urahisi mno. Katika Remote Desktop kila mtu hupata kipindi chake, kwa hiyo akikibadilisha anajibadilishia mwenyewe. VNC iliundwa kwa mawazo mengine. Ilianzia katika maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, na msingi wake ni picha moja ya eneo-kazi ambayo watu wengi wanaweza kuitazama kwa wakati mmoja. Kwa muda mrefu ni seva pekee iliyoweza kutangaza kwamba ukubwa umebadilika, na watazamaji walipokea tu. Baadaye ikaongezwa njia ya mtazamaji kuomba ukubwa anaoutaka. Seva ikikubali, huwatangazia watazamaji wote vipimo vipya, ikitaja pia kama ombi lilitoka kwa mtazamaji huyo au kwa mwingine. Hiyo ndiyo sababu dirisha la mwanafunzi wa nyuma linalitikisa darasa zima.

Dawa yake iko kwenye seva. Ikiwa mnatumia TigerVNC, ianzishe kwa kuongeza -AcceptSetDesktopSize=0, na kuanzia hapo maombi yote ya kubadilisha ukubwa yatajibiwa kwamba msimamizi amekataza. Unaweza pia kuifunga kila kompyuta ya mwanafunzi kwa -RemoteResize=0, lakini sikushauri uitegemee hiyo peke yake, kwa kuwa mwanafunzi aliyegundua mchezo wa kwanza atagundua pia namna ya kuufungua wa pili. Chagua vipimo ambavyo skrini ndogo kuliko zote darasani inaweza kuvionyesha, uvitaje kwa -geometry unapoianzisha seva, na shauri litakuwa limekwisha.

Wanafunzi wanaotazama kupitia kivinjari kwa noVNC wawekewe kichaguo cha kufinya upande wao, kinachoitwa "Local Scaling". Naam, ni ile njia ya kwanza niliyoiponda hapo juu. Katika somo ambapo watu thelathini wanatazama picha moja, hakuna ukubwa mmoja utakaomfaa kila mtu, na ukungu kidogo kwenye skrini ya mmoja ni afadhali kuliko eneo-kazi linalorukaruka kwa wote.

SWALI: Nina duka la vipuri vya magari. Kompyuta yenye rekodi za bidhaa imewekwa stoo bila skrini, nami huitazama kutoka nyumbani kwa AnyDesk. Picha huja ndogo, na nikiivuta ienee dirishani huwa kama imechorwa kwa matofali. Nimejaribu kila chaguo la kuonyesha picha bila mafanikio.
Mfanyabiashara, Kirinyaga Road

JIBU: Mzee, tatizo halimo kwenye chaguo hizo. AnyDesk, TeamViewer na nyinginezo za namna hiyo kwa kawaida hukuonyesha skrini halisi ya kompyuta ya pili, na kompyuta yako ya stoo haina skrini halisi. Kila skrini inapochomekwa, huituma kwa kadi ya picha orodha fupi ya vipimo inavyovimudu, iitwayo EDID. Waya ukiwa hauna kitu upande wa pili, kadi haipati orodha hiyo, na mfumo hujichagulia kipimo kidogo cha tahadhari, mara nyingi 1024 kwa 768 au hata chini yake. Chaguo za AnyDesk zinaweza kukipanua au kukifinya kipimo hicho, lakini haziwezi kuzaa pikseli ambazo hazikuchorwa.

Uliza kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta katikati ya jiji upate ile plagi ndogo ya HDMI inayojifanya skrini. Ina kijichipu chenye EDID ndani yake na haina kazi nyingine. Ukiichomeka stoo, Windows itaamini kwamba kuna skrini ya 1920 kwa 1080 au zaidi, nawe utaweza kuchagua kipimo kinacholingana na kipakatalishi chako. Hutapata mabadiliko ya kila unapovuta dirisha, kwa kuwa ni vile vipimo vya orodha tu vinavyokubalika. Hali ni hiyo pia katika Chrome Remote Desktop. Programu hiyo ina kichaguo cha "Resize to fit" kando ya "Scale to fit", lakini ikikuta Windows yenye skrini ya kawaida hutafuta kipimo kilicho karibu kati ya vile ambavyo skrini hiyo inavikubali.

Kama kompyuta ya stoo ni Windows Pro, unaweza kuepuka ununuzi huo kwa kutumia Remote Desktop, ambayo hujitengenezea skrini yake ya kufikirika bila kujali kilichochomekwa nyuma. Windows Home haina upande wa kupokea, kwa hiyo angalia kwanza unayo ipi. Na tafadhali usimruhusu mtu akufungulie mlango wa 3389, ambao Remote Desktop huutumia, kwenye kisambaza mtandao cha dukani ili uingie moja kwa moja kutoka nje. Mlango huo hupapaswa mchana na usiku na mashine zinazotafuta nywila dhaifu duniani kote. Muulize fundi kuhusu VPN.

SWALI: Je, kulipunguza dirisha kunapunguza bando? Natumia intaneti ya simu.
Msomaji, Umoja

JIBU: Inategemea ni njia gani kati ya zile mbili. Ukiifinya picha, hupunguzi kitu, kwa sababu eneo-kazi lote husafiri likiwa zima na kufinywa likishafika kwako, bando likiwa limekwisha kutumika. Ukibadilisha vipimo, pikseli zinazochorwa huwa chache kweli: skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, ilhali ya 1366 kwa 768 ina 1,049,088, yaani karibu nusu.

Lakini usifikiri kwamba bando nalo litapungua kwa nusu. Programu hizi hutuma sehemu zilizobadilika tu, tena zikiwa zimebanwa, kwa hiyo ukurasa uliotulia wa maandishi hautumii kitu cha maana kwa ukubwa wowote. Kinachokula bando ni mwendo, kama video, picha za mandhari na matangazo yanayochezacheza. Tena kila mara unapobadilisha vipimo, skrini nzima hutumwa upya. Chagua ukubwa mmoja mwanzoni ukae nao, uzime picha ya mandhari katika mipangilio ya muunganisho, na video uzitazame kwenye kivinjari chako mwenyewe.

SWALI: Ninajifunza Linux ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ya kufikirika (mashine pepe) ndani ya kompyuta yangu. Dirisha nikilikuza, eneo-kazi la ndani halikui.
Mwanafunzi, Parklands

JIBU: Hapa hakuna mtandao katikati, lakini mazungumzo ni yale yale: dirisha linataka kumwambia mgeni aliye ndani kwamba ukubwa umebadilika, na mgeni hana sikio. Sikio hilo ni programu za Guest Additions, ambazo huwekwa ndani ya mashine pepe na si kwenye kompyuta yako. Katika Ubuntu, sakinisha kifurushi cha virtualbox-guest-x11 kwa apt ukiwa ndani ya mashine hiyo, kisha hakikisha kwamba kwenye menyu ya View kichaguo cha "Auto-resize Guest Display" kimewashwa. Wanaotumia VMware wanahitaji open-vm-tools-desktop, na wanaotumia virt-manager wanahitaji spice-vdagent. Baada ya kusakinisha, iwashe upya mashine pepe peke yake. Kompyuta yako huna haja ya kuizima.